Mkeka Namba Arobaini na Moja

Mzee Feleti alikuwa na misiba mingi mno. Hilo ndilo lililonifanya nianze kumtazama kwa jicho la pembeni.

Si kwamba kisiwani kwetu Vavau watu hawafi. Wanakufa, na kila wiki hukosi nyumba yenye turubai uani na moshi wa majiko ya kuchimba. Lakini kwetu msiba unavaliwa kwa kipimo. Ukimzika mtu uliye juu yake kiukoo, unajifunga kiunoni taovala nzuri, mkeka laini kama wa kuendea kanisani. Ukimzika aliye juu yako, unajifunga mkeka mkubwa uliochakaa, pindo zimeraruka, unakupanda mpaka kifuani, kila mtu ajue kwamba mbele ya maiti huyu wewe ni mtu wa jikoni. Hata mtoto akikuona njiani anajua wewe ni nani wa marehemu. Sasa, katika miezi mitatu niliyofanya kazi makumbusho, Mzee Feleti alikuja na taovala ile kubwa mara nne, kwa misiba ya koo nne zisizohusiana hata kwa kuku. Nikajiuliza, huyu mzee ni mdogo wa nani hasa? Haiwezekani mtu mmoja awe chini ya maiti wote wa kisiwa.

Nilikuwa mwanafunzi wa historia, mwaka wa tatu, nimetoka chuo cha Suva kuja nyumbani kwa mafunzo ya kazi. Makumbusho yetu ni nyumba ya mawe juu ya mji wa Neiafu, vyumba vitatu na ghala. Kazi yangu ilikuwa kupiga picha kila kilichomo ghalani, kunakili kadi zake kwenye kompyuta, na kutuma vyote kwa watu wa mradi walioko Wellington, ambao walitaka dunia nzima ione mali zetu kwenye simu. Mkuu wa makumbusho alikuwa Bi Kalolaine, mama mpole anayeogopa barua za ng'ambo. Mtunza ghala alikuwa Mzee Feleti, miaka arobaini na zaidi kazini, ufunguo wa ghala anautundika shingoni kwa kamba kama msalaba.

Niseme ukweli, mimi ni mtu wa kushuku. Nikipewa zawadi natazama chini yake kwanza. Na shuleni walinifunza kwamba mtu husahau na hujisifu, ila karatasi inabaki ilivyoandikwa. Nilimwambia hivyo Mzee Feleti wiki ya kwanza, nikiwa na kadi mkononi.

"Karatasi nayo iliandikwa na mtu, mwanangu," akasema, akaendelea kupeperusha vumbi kwa upepeo.

"Lakini haibadiliki, Mzee."

"Hata jiwe halibadiliki. Ulishawahi kuliuliza kitu?"

Nikacheka. Sikumpenda tangu siku hiyo.

Kitu nilichokijali ghalani kuliko vyote kilikuwa mkeka namba arobaini na moja. Ulikuwa wetu. Kadi yake ilisema: *Mkeka wa thamani wenye manyoya mekundu pindoni. Zawadi ya ukoo wa Latavao, 1982.* Mikeka ya namna hiyo inasukwa kwa miaka, laini kama kitambaa, inakunjwa ikaingia kwapani, na ina majina kama watu. Wetu unaitwa Asubuhi ya Mvua. Shangazi yangu Telesia, dada mkubwa wa baba, hakuacha kuuliza habari zake. Nilikuwa nakaa kwake ili nimsaidie, maana sukari ilikuwa imemla mguu mmoja na macho yalianza kumsaliti. Kila jioni nikiingia tu:

"Mkubwa hajambo?"

"Hajambo, Shangazi. Kalala ndani ya boksi lake."

"Nani yuko naye?"

"Mzee Feleti."

"Haya basi," anasema, halafu ndipo anakubali kula.

Kwetu shangazi ni zaidi ya baba. Akisema nguruwe yule achinjwe, anachinjwa, na baba yangu mwenye nguruwe anakwenda kunoa kisu. Kwa hiyo niliposhuku kwamba mkeka wa Shangazi uko mikononi mwa mwizi, usingizi uliniruka.

Ushahidi niliupata kwa mashine. Watu wa mradi walitutumia programu ya kulinganisha picha: unaweka picha ya kitu ya zamani na ya sasa, nayo inapaka rangi nyekundu penye tofauti. Ilikuwa ya kutambua nondo na ukungu. Mwezi wa tano nikarudia kupiga picha mikeka. Namba kumi na saba ikajaa nyekundu: mikunjo mipya, doa, manyoya matatu hayapo. Namba ishirini na mbili vilevile. Na thelathini, na thelathini na sita. Nikainusa. Ilinukia mafuta ya nazi yaliyotiwa maua, yale tunayompaka maiti.

Nikachukua kalenda, nikaweka misiba ya Mzee Feleti upande huu, mikeka iliyoguswa upande huu. Ikalingana moja kwa moja. Tena kila mkeka ulikuwa umetolewa na ukoo uleule uliofiwa.

Mtu mwingine angesimama hapo akafikiri. Mimi nilikuwa tayari nimeshafikiri. Nikasema, kumbe! Watu walishatoa zawadi, karatasi inasema zawadi, na huyu mzee anawakodishia msiba wao wenyewe. Anautoa mkeka chini ya taovala yake kubwa, nani atathubutu kumfunua mtu mwenye msiba? Na ndugu zao wanaokuja na ndege kutoka Auckland na Sydney, wenye uchungu na mifuko, watakataa kitu? Ijumaa moja nikamwona kwa macho yangu akitoka kwenye nyumba ya matanga, kabeba kapu la viazi vikuu na paja la nguruwe juu yake. Nikasema, ujira wake huo.

"Umeshiba leo, Mzee," nikamwambia Jumatatu.

"Nimeshiba, mwanangu. Marehemu alikuwa na watu wengi."

"Alikuwa nani yako?"

Akanitazama. "Alikuwa mtu."

Jibu la mwizi kabisa, nikaona. Siku za mwizi arobaini, na mkeka wetu ulikuwa wa arobaini na moja, nikaapa hautafikiwa. Nikafungua fomu za mradi za kuripoti tofauti. Fomu ile inakupa sababu nne tu uchague: uharibifu, kosa la picha, kuhamishwa kwa kibali, wizi. Nikachagua wizi mara nne, nikaambatisha picha, nikampelekea Bi Kalolaine kabla hajamaliza chai.

Alimwita Mzee Feleti ofisini. Mimi nilisimama karibu na dirisha, na nitakuwa mwongo nikisema sikufurahi. Mzee alivaa miwani, akaisogelea kompyuta.

"Picha nzuri," akasema.

"Mzee," Bi Kalolaine akasema, "hii mikeka ilitoka humu?"

"Ilitoka."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya wenyewe."

"Wenyewe ni makumbusho, Mzee wangu. Kadi zinasema zawadi. Wellington wameshaziona hizi picha, mimi niwaambie nini?"

Mzee alivua miwani. Alinigeukia mimi. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniudhi.

"Pisila, uliziuliza picha. Mimi nilikuwa chumba cha pili siku zote. Hukuniuliza."

"Nilikuuliza marehemu ni nani yako."

"Uliniuliza kama polisi."

Akavua kamba shingoni, akaweka ufunguo mezani taratibu, akatoka. Wiki ileile ghala likawekwa kufuli la namba, kila mfanyakazi na namba yake ya siri, na kamera juu ya mlango. Mimi ndiye niliyependekeza.

Jioni nikamhadithia Shangazi nikiwa nimevimba kichwa. Nilimhadithia yote, taovala, mafuta, kapu la viazi. Alikuwa ameshika kikombe. Alikiweka chini akakosa sahani, chai ikamwagika kwenye mkeka, asiiguse.

"Umemfukuza Feleti," akasema.

"Alikuwa anaiba, Shangazi."

"Nyamaza." Akageukia ukutani. Nikadhani amelala. Kisha akaniambia nimletee Biblia, ile kubwa, nifungue Zaburi. Kati ya kurasa palikuwa na unyoya mmoja mwekundu, mdogo kama kucha.

"Unaujua huu?"

"Siujui."

"Ulikuwa na miaka minne, siku tunamzika bibi yako. Umekaa karibu na kichwa chake, ukaung'oa kwenye mkeka. Nikakupiga kofi."

Kofi lile nalikumbuka mpaka leo. Nalikumbuka kuliko sura ya bibi. Nakumbuka wekundu, na kelele za watu wakiimba, na shavu linawaka.

"Sasa wewe unayesoma historia," Shangazi akasema, "bibi yako alikufa mwaka gani?"

"2007."

"Na mkeka ulipelekwa makumbusho mwaka gani?"

"1982," nikasema polepole.

"Kimbunga cha themanini na mbili kilitung'olea bati zote. Nyumba za watu zilikuwa maji matupu. Baba yangu na wazee wengine wakaenda kwa mkuu wa kwanza wa makumbusho, nyumba ya mawe ile, ndiyo pekee haivuji. Wakakaa chini, wakanywa kava ya mapatano mpaka jioni, Feleti kijana ndiye anayewamiminia. Wakapatana: mikeka italala kule, na siku ya kuzika itaamka. Nani aliandika zawadi mimi sijui. Labda fomu ilikuwa na nafasi hiyo tu. Mkuu wa kwanza akafa, wakaja wengine na makaratasi, wakasema hakitoki kitu. Feleti akasema, mimi niliumimina ule mkataba kwa mkono wangu. Akaanza kuitoa hivyo, chini ya taovala. Na anajifunga ya kuchakaa kwa maiti wa kila mtu, anakwenda kukaa jikoni na kupasua kuni, kwa sababu anasema mwenye kutunza vitanda vya wafu ni mtumishi wao. Ndivyo viazi hivyo. Watu wa jikoni wote wanagawiwa, hata wewe umewahi kugawiwa."

"Mbona hamkuniambia, Shangazi?"

"Nikwambie mkeka nitakaolalia nikifa? Nikiite kifo kwa jina? Ndiyo maana nilikuwa nauliza kama hajambo." Akanifumbatisha unyoya kiganjani. "Siku yangu ikifika uurudishe mahali pake. Kofi nilikupiga, lakini unyoya nilisahau kuushona."

Nilikwenda kwa Bi Kalolaine kesho yake, nikaandika barua, nikaomba ripoti zifutwe. Wellington wakajibu kwa upole kwamba ripoti haifutiki, ila tunaweza kuongeza maelezo, yatasomwa kikao kijacho. Kwa Mzee Feleti sikwenda. Nilifika mara mbili mpaka kwenye ua wake wa mihibiskusi, nikarudi. Aibu ilinizidi nguvu.

Shangazi hakunipa muda. Wiki ya tatu, Jumatatu asubuhi wakati wa sala, alisema anasikia kiu, na nilipoleta maji alikuwa ameshaondoka.

Baba na ndugu zake walikwenda makumbusho na mzizi mzima wa kava, ule wa kuombea jambo kwa heshima, wakakaa sakafuni mbele ya Bi Kalolaine kama ilivyotakiwa. Mama wa watu alilia pamoja nao. Lakini akasema kibali cha kutoa kitu kinatoka Wellington na kinachukua siku kumi na nne, na tangu ripoti zile, hata kalamu haitoki. Mazishi yalikuwa Alhamisi. Baba alirudi, akapita mbele yangu kwenda uani. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Uani nilimkuta Mzee Feleti. Yuko kwenye shimo la jiko, amejifunga ile taovala yake ya kuraruka mpaka kifuani, anapanga mawe ya moto, jasho linamtiririka. Nilipiga magoti kwenye majivu.

"Nisamehe, Mzee."

"Inuka, utaungua."

"Mzee, mkeka wa Shangazi. Atalala kwenye nini?"

"Mimi nimekuja na mikono yangu tu. Ufunguo sina tena." Akasukuma jiwe kwa mti. Halafu akanitazama toka miguuni hadi kifuani. Kwa marehemu mimi ni mtoto wa ndugu yake wa kiume, hakuna aliye chini kuliko mimi katika msiba ule. Nywele zangu zilikuwa zimekatwa, na taovala yangu ilikuwa mkeka wa sakafuni uliotoboka, unanifika makwapani.

"Hiyo yako," akasema, "ni kubwa kuliko yangu."

Akarudi kwenye mawe yake.

Jumatano saa sita mchana nikaenda kazini. Nilibonyeza namba yangu, namba ileile niliyoichagua kwa maringo, tarehe yangu ya kuzaliwa. Kamera iliniangalia na kale kataa kake. Nikautoa Asubuhi ya Mvua kwenye boksi, nikaukunja, nikauweka tumboni chini ya taovala, nikaifunga upya kamba. Fundo likanishinda mara mbili. Nilifikiri, ndivyo alivyokuwa anafanya mzee wa miaka sabini, na mimi nikimchungulia mlangoni.

Ukumbini nikakutana uso kwa uso na Bi Kalolaine.

"Pisila! Siku ya msiba unatafuta nini huku?"

"Nilisahau kitu, Bi."

Alinitazama tumboni. Pale kwenye tundu la taovala yangu, upande wa kulia, palikuwa na wekundu. Niliuona mimi, na aliuona yeye. Nje basi la watalii wa mashua lilikuwa linateremsha watu, nikasikia vicheko vyao vikija.

"Umejifunga vibaya," akasema. Akasogea, akaivuta pindo ya taovala ikafunika tundu, akakaza kamba kwa nguvu mpaka nikakosa pumzi. "Nenda. Usiinamie mtu njiani."

Shangazi akalala juu ya mkeka wake usiku na mchana mmoja. Niliushona ule unyoya mimi mwenyewe, pembeni mwa kichwa chake, kwa uzi mweupe kwa sababu mwekundu haukupatikana. Mzee Feleti hakuingia ndani. Watu wa jikoni hawaingii. Nilimpelekea sehemu yake, viazi vikuu na nyama ya kopo iliyopikwa ndani ya majani ya magimbi kwa tui. Akapokea kwa mikono miwili.

"Rudi kazini, Mzee. Nitawaambia wote."

"Sirudi, mwanangu. Nimekuwa mwizi wenu miaka mingi, nimechoka. Sasa mmempata mwingine."

Alisema akitabasamu, lakini sikuweza kutabasamu naye. Mpaka leo hajarudi.

Ijumaa nilikuwa nimeshaurudisha mkeka ndani ya boksi lake. Jumatatu zikapigwa picha za ukaguzi, mashine ikafanya kazi niliyoipangia mimi, ikalinganisha picha, na ujumbe ukatoka Wellington: *Namba 41. Tofauti imeonekana. Taja sababu.* Bi Kalolaine aliniita. Kwenye kioo palikuwa na mikunjo mipya, mafuta kidogo, na pembeni kabisa, duara moja jekundu. Akalikuza kwa vidole. Ulikuwa unyoya, na uzi mweupe.

"Umeongezeka," akasema kwa sauti ya chini. "Mwizi gani anaongeza?"

"Wanataka jina?"

"Jina wanalo. Namba yako iko mlangoni." Akavuta pumzi. "Pisila, andika kosa la picha. Nitasaini. Wamalize, ubaki na mradi wako, urudi chuo na cheti."

Niliketi mbele ya kompyuta. Sababu zilikuwa nne zilezile. Uharibifu haukuwepo. Kosa la picha lingekuwa uongo. Kuhamishwa kulitaka namba ya kibali, na kibali changu kiko kaburini. Nikachagua neno lile nililomchagulia Mzee Feleti mara nne, nikaandika jina langu kamili. Kisha kwenye nafasi ya maelezo, ambayo siku ile niliiacha tupu, nikaanza na kimbunga cha 1982, na mtoa habari nikamwandika wa kwanza Feleti, mtunza ghala. Bi Kalolaine akavuta kiti, akakaa pembeni yangu, akasoma kila mstari nilivyokuwa nauandika.